Adelaide 1986: tairi la Mansell na ushahidi uliosomwa nusu

Tarehe 26 Oktoba 1986, katika mitaa ya jiji la Adelaide nchini Australia, mbio za mwisho za msimu wa langalanga (Formula 1) zilikuwa zimefika mzunguko wa 64 kati ya 82. Nigel Mansell, Mwingereza wa timu ya Williams, alikuwa wa tatu, na nafasi hiyo ilimtosha. Angeishikilia kwa mizunguko 18 mingine, angekuwa bingwa wa dunia. Akiwa katikati ya barabara ndefu iliyonyooka, kwa mwendo wa karibu kilomita 290 kwa saa, tairi lake la nyuma kushoto likapasuka.

Kisa hiki kimesimuliwa mno, na wasimulizi wengi hukifunga kwa neno moja: bahati. Mansell hakuwa na bahati, Alain Prost alikuwa nayo, basi. Mimi siafiki. Bahati ilikuwepo, tena nyingi, lakini ukiifuatilia siku ile mzunguko baada ya mzunguko unakuta mahali ambapo watu wenye akili timamu na vipimo mkononi waliamua jambo, na uamuzi wao ulikuwa na kasoro inayoonekana. Mahali penyewe ni mzunguko wa 32, wakati Mansell hana tatizo lolote na gari linaloingia kwa mafundi si lake.

Hesabu za ubingwa

Miaka ile mshindi alipewa pointi 9, wa pili 6, wanaofuata 4, 3, 2, na wa sita 1. Mbio zilikuwa 16, lakini kila dereva alihesabiwa matokeo yake 11 bora tu, mengine yakatupwa. Kanuni hiyo ilifanya kujumlisha kuwe kazi ya mwalimu wa hesabu. Mansell alifika Adelaide na pointi 70. Prost wa McLaren, Mfaransa aliyekuwa bingwa mtetezi, alikuwa na 64. Nelson Piquet wa Brazili, mwenzake Mansell ndani ya Williams, alikuwa na 63.

Tuchukue mfano wa Prost ashinde. Angeongeza 9 lakini angelazimika kutupa pointi 1 ya nafasi ya sita, hivyo angeishia 72. Mansell akiwa wa tatu angeongeza 4 na kutupa 2 za nafasi ya tano, naye akaishia 72. Wakilingana hivyo, ushindi ndio ungeamua: Mansell alikuwa ameshinda mara 5 msimu huo, Prost angekuwa na 4. Mansell akimaliza wa nne, jumla yake ni 71 na ubingwa umeondoka. Ndiyo maana nafasi ya tatu na ya nne siku ile zilitengana kama mbingu na ardhi.

Kwa kweli Williams hawakupaswa kufika Australia na mahesabu haya. Gari lao lilikuwa bora kuliko yote mwaka ule, na katika mbio 15 za awali walikuwa wameshinda 9. Tatizo ni kwamba ushindi huo waligawana: 5 za Mansell, 4 za Piquet. Piquet alijiunga nao akiamini ameajiriwa kuwa dereva namba moja, Mansell hakukubali kuwa namba mbili, na mtu ambaye angeweza kuwakalisha chini, Frank Williams mwenyewe, alipata ajali ya gari la kawaida kule Ufaransa mwezi Machi na kupooza. Timu iliendeshwa na mhandisi mkuu, Patrick Head, ambaye kazi yake ilikuwa magari zaidi kuliko kusuluhisha madereva.

Tena wiki mbili nyuma, kule Mexico, Mansell angeweza kulimaliza suala hili. Taa zikabadilika, gia ya kwanza ikakataa kuingia, magari yote yakampita pale pale aliposimama. Akapambana hadi nafasi ya tano. Lakini Mexico ilikuwa na jambo jingine lenye uzito katika kisa chetu. Gerhard Berger, kijana wa Austria kwenye gari la Benetton, alishinda kwa sababu matairi yake ya Pirelli yalidumu mbio nzima, huku timu kubwa zilizovaa Goodyear zikiingia kituoni kubadilisha. Goodyear walitoka Mexico wameaibika. Na Adelaide magari yote manne yenye uwezo wa kushinda, mawili ya Williams na mawili ya McLaren, yalikuwa ya Goodyear.

Nguvu inayopita kwenye magurudumu mawili

Mwaka 1986 ndio pekee katika historia ya Formula 1 ambao kanuni ziliruhusu injini za turbo peke yake. Renault waliileta teknolojia hiyo mwaka 1977 na watu wakawacheka, maana gari lao lilikuwa likifuka moshi kila wiki. Miaka 9 baadaye hakuna aliyecheka. Ujazo wa injini ulikuwa lita 1.5 tu, mdogo kuliko wa magari mengi ya familia, lakini moshi unaotoka kwenda kwenye ekzosi ulizungusha feni, feni ikazungusha pampu, pampu ikashindilia hewa ndani ya injini. Hewa nyingi inakubali petroli nyingi. Injini ya Honda V6 ya Williams ilitoa nguvu za farasi zaidi ya 1,000 siku ya kutafuta nafasi za kuanzia, na siku ya mbio ikapunguzwa ili isimalize mafuta.

Maana mafuta yalikuwa na kikomo. Kila gari lilipewa lita 195 kwa mbio nzima, na kuongeza njiani kulipigwa marufuku. Dereva alikuwa na swichi ya kuongeza au kupunguza mgandamizo wa turbo, na kompyuta iliyomwonyesha kama kwa ulaji huo atafika au ataishia njiani. Hivyo mbio za 1986 zilikuwa mashindano mawili kwa pamoja, la kasi na la ubahili.

Sasa fikiria nguvu yote hiyo inafikaje barabarani. Inapita kwenye matairi mawili ya nyuma. Turbo za wakati ule hazikutoa nguvu taratibu. Dereva alikanyaga mafuta, akasubiri kidogo, kisha nguvu ikaja kwa mkupuo mmoja na kuyakwangua matairi kila anapotoka kwenye kona. Njia ya Adelaide, yenye urefu wa kilomita 3.78, ilijaa kona za nyuzi 90 za mitaa ya mji, yaani breki, kona, kukanyaga, breki tena. Halafu ikaja barabara ndefu ya Dequetteville Terrace, iliyopewa jina la Jack Brabham, ambako kasi ilifikia kilele na mabawa ya gari yakalikandamiza chini. Tairi lililokwisha kukonda linaweza kuvumilia kona. Mzigo wa mwendo kasi juu ya mstari ulionyooka ndio unaolivunja.

Goodyear na wateja wao walianza wakiamini kwamba inawezekana kumaliza bila kubadilisha. Hapa sioni kosa. Kuingia kituoni kulikula muda, na kwenye mitaa yenye kuta pande zote nafasi ukiipoteza si rahisi kuirudisha.

Nusu ya kwanza

Mansell alianza mbele baada ya kuweka muda wa dakika 1 na sekunde 18.4 kwenye kutafuta nafasi, Piquet pembeni yake, Ayrton Senna wa Lotus nyuma yao, kisha Prost. Ndani ya mzunguko wa kwanza Mansell aliachia. Senna akapita, Piquet akapita, na Keke Rosberg wa McLaren naye akapita. Wapo waliosema ni woga. Mimi naona alikuwa amefanya hesabu zake vizuri: hakuna sababu ya kugombania kona na Senna wakati unachohitaji ni nafasi ya tatu saa mbili baadaye.

Rosberg ndiye aliyeivuruga siku. Huyu Mfini, bingwa wa 1982, alikuwa akikimbia mbio zake za mwisho kabla ya kustaafu, na alishamwahidi Prost kwamba atamsaidia. Hakuwa na pointi za kulinda wala msimu ujao wa kuuwaza. Mzunguko wa 7 akampita Piquet na kuanza kuondoka. Kwa dereva aliyesifika kwa kuligeuza gari kwa mguu wa mafuta, ilikuwa siku ya kujiachia, na akajiachia. Matairi yake ya nyuma yalifanya kazi ngumu kuliko ya mtu yeyote.

Mzunguko wa 23 Piquet akazunguka na gari lake, hakugonga kitu, akaendelea akiwa wa nne. Prost akawa wa pili. McLaren wawili mbele, Mansell wa tatu na ubingwa wake mkononi.

Mzunguko wa 32

Prost alikuwa akimpita Berger, aliyekuwa nyuma kwa mzunguko mzima. Magari yakagusana. Tairi la mbele kulia la Prost likatoboka, pancha ya kawaida, na akalazimika kujikongoja hadi kituoni. Mafundi wa McLaren hawakuwa wamejiandaa. Jeki ikawasumbua. Kazi ambayo kwa kawaida ilimalizika chini ya sekunde 10 ilichukua sekunde zipatazo 17. Prost akarudi barabarani wa nne, akiwaona Williams kwa mbali sana, na wengi uwanjani wakamtoa kwenye hesabu.

Matairi manne aliyoyavua yakabaki pale chini. Wahandisi wa Goodyear wakayaendea, wakayakagua kiasi cha mpira uliobaki, wakaridhika. Mpira ulikuwa wa kutosha. Kwa ulaji ule, walisema, tairi linaweza kumaliza mbio. Taarifa ikapelekwa kwa timu zao: hakuna haja ya kuingia.

Tuwatendee haki kwanza. Hawakuwa wajinga, na hoja ya kuwatetea ipo. Gari linapoanza mbio limebeba petroli yenye uzito unaozidi kilo 140 juu ya gari ambalo kanuni zilitaka lisipungue kilo 540. Kadiri mizunguko inavyokwenda mzigo unapungua, kwa hiyo theluthi ya kwanza ndiyo inayoyatesa matairi zaidi. Kama yamevumilia kipindi kizito, kwa nini yasivumilie kipindi chepesi? Mhandisi yeyote angeweza kusimama mbele ya wakubwa wake na maelezo hayo.

Ila angalia ni matairi ya nani. Prost aliitwa Profesa kwa sababu ya namna alivyoendesha: breki mapema kidogo, usukani bila fujo, mafuta yakikanyagwa kwa adabu. Katika uwanja mzima hapakuwa na mtu aliyeyalea matairi kama yeye. Kuyakagua ya Prost ili kujua hali ya matairi ya Rosberg au ya Mansell ni sawa na kuonja mchuzi wa jirani ili ujue wako umekolea chumvi kiasi gani. Gari la Williams lilikuwa na injini tofauti, mabawa tofauti na mzigo uliogawanyika tofauti. Aliyeliendesha alikuwa Mansell, mtu wa kulishika gari kwa mabavu. Tena matairi yale yalikuwa yametumika mizunguko 32, ambayo haifiki hata asilimia 40 ya safari. Kutoka hapo hadi 82 ni kubashiri, hata kama ubashiri wenyewe umefanywa na mtu mwenye rula.

Hiyo ni kasoro ya kwanza, na wachambuzi wengi wameshaigusa. Ya pili naiona kubwa zaidi. Kituo kile cha Prost kilitoa ushahidi wa namna mbili. Mmoja ulikuwa pale chini, mpira uliotumika. Mwingine ulikuwa umerudi barabarani ukikimbia: Prost mwenye matairi mapya. Na saa zilianza kusema. Mzunguko baada ya mzunguko Prost alilila pengo. Alikuwa na gari ambalo msimu mzima lilizidiwa na Williams kwa kasi, alikuwa na petroli ya kubania, na bado aliwafuata. Ilipofika mizunguko ya hamsini na kitu alikuwa amewafikia Piquet na Mansell, aliowaacha upeo wa macho wakati anatoka kituoni.

Kama gari la polepole linalikamata la haraka kwa kubadilisha matairi peke yake, basi matairi ya la haraka yamechoka. Kupima unene wa mpira kunakwambia kilichobaki. Saa inakwambia kama kilichobaki bado kinafanya kazi. Williams walikuwa na mizunguko zaidi ya 20 ya kuisikiliza saa hiyo. Waliendelea na neno la Goodyear.

Kuna anayeweza kuuliza: wangemwita Mansell, si angepoteza nafasi ya tatu? Angeipoteza kwa muda. Kwa kuwa nyuma ya wale wanne hapakuwa na mtu wa kutisha (Stefan Johansson wa Ferrari, aliyemaliza wa tatu mwishoni, alikuwa nyuma kwa mzunguko mzima), Mansell angeshuka hadi wa nne, si zaidi. Kisha angekuwa na matairi mapya dhidi ya watu watatu, wawili kati yao wakiwa na matairi vipara. Prost alishaonyesha matairi mapya yanaleta nini. Kwangu hilo lilikuwa dau zuri hata kwa taarifa walizokuwa nazo wakati ule, kabla hakuna aliyepasukiwa.

Mizunguko mitatu

Prost alimpita Mansell. Kwa mizunguko michache Mansell akawa wa nne, nje ya ubingwa, na inasemekana hapo ndipo kituo cha Williams kilipoanza kuchemka. Lakini mbele yao wote Rosberg bado anaongoza, na Rosberg ndiye aliyeigeuza tena hali.

Mzunguko wa 63 alisikia kishindo kikubwa nyuma yake, kitu kinapigapiga kwa nguvu. Kwa dereva wa enzi za turbo, sauti ya namna hiyo ina tafsiri moja: injini imekufa. Akazima, akasogea pembeni, akasimama. Aliposhuka ndipo akaona kwamba injini ilikuwa nzima kabisa. Tairi la nyuma kulia lilikuwa limebanduka mpira wake wa juu, na vipande vilikuwa vikichapa mwili wa gari.

Kosa hili dogo la Rosberg linanishughulisha kuliko mambo yote ya siku ile. Kama angejua ni tairi, angejikongoja hadi kituoni, Goodyear wangeliona kwa macho yao, na watu wangeanza kupiga kelele kwenye redio sekunde hiyo hiyo. Badala yake gari lilikaa kimya kando ya ukuta, mbali na mafundi, na kwa waliokuwa wakitazama lilionekana ni gari jingine la turbo lililokata roho. Taarifa iliyohitajika kuliko zote ilikwama pale barabarani.

Kustaafu kwa Rosberg kulimpandisha kila mtu. Piquet wa kwanza, Prost wa pili, Mansell wa tatu. Ubingwa ukarudi mikononi mwa Mansell, akakaa nao kwa kipindi kinachokaribia mzunguko mmoja.

Picha za televisheni za kilichofuata wapenzi wa mchezo huu wanazijua kwa moyo. Gari jeupe, buluu na njano lenye namba 5 nyekundu linashuka barabara ya Brabham. Ghafla upande wa nyuma kushoto unalipuka, vipande vya mpira vinaruka, kona ile ya gari inaanguka chini na sakafu inaanza kukwaruza lami. Cheche zinamwagika nyuma. Gari linayumba kushoto, linarudi kulia, linayumba tena, na ndani unaiona helmeti ikihangaika huku mikono ikirekebisha usukani kila mara. Pembeni ni kuta za zege. Mbele ni kona ya kulia ambayo hawezi kuipinda. Alichofanya Mansell ni kulishikilia lile gari la magurudumu matatu lisigeuke, akaliingiza kwenye njia ya dharura inayoendelea moja kwa moja, mpaka likaishiwa mwendo. Ukitaka kujua alikuwa dereva wa kiwango gani, achana na ushindi wake 5 wa mwaka ule, tazama sekunde hizo.

Kuitwa kwa Piquet

Sasa Piquet anaongoza. Mansell ametoka na pointi zake 70. Piquet akishinda anafika 72. Prost akiwa wa pili, baada ya kutupa pointi 1, anaishia 69. Yaani kwa wakati ule Piquet ndiye bingwa wa dunia, na ni mizunguko 17 imebaki.

Williams wakamwita kituoni abadilishe matairi.

Hapa ndipo wapenzi wa Piquet hukasirika hadi leo, na naelewa. Matairi yake hayakuwa yamepasuka. Huenda yangefika. Lakini Head na wenzake walikuwa wameshaona tairi moja likilipuka kwenye gari lao wenyewe kwa kilomita 290, gari lililojengwa sawa na la Piquet, lenye matairi yaliyotumika mizunguko ile ile. Mwezi Mei mwaka huo huo Elio de Angelis alikufa baada ya ajali ya majaribio kule Paul Ricard, bawa la nyuma lilipomtoka katika mwendo kasi. Bosi wao wenyewe alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Kumwacha dereva barabarani kwa sababu ya pointi 9 kungekuwa uamuzi wa aina ambayo mtu haweleweki akiueleza baadaye mbele ya familia.

Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba uamuzi wa kumwita Piquet ndio uliokuwa sahihi kuliko yote yaliyoamuliwa na Williams siku ile, ingawa ndio uliowakosesha ubingwa wa madereva. Waliumia kwa uamuzi mzuri wa mzunguko wa 65 kwa sababu ya uamuzi mbaya wa kati ya 32 na 57. Wangewaita madereva wao mapema, mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu, dharura hii isingekuwepo.

Petroli ya Prost

Wengi hudhani baada ya hapo kazi ilikwisha. Haikuwa hivyo. Piquet alirudi na matairi mapya na kuanza kumsaka Prost kwa hasira. Mzunguko wake wa haraka zaidi, dakika 1 na sekunde 20.8, ulikuwa wa kasi kuliko wa mtu yeyote siku ile. Prost mbele yake alikuwa na tatizo ambalo watazamaji hawakuliona. Kufukuza kutoka nafasi ya nne kulikuwa kumekula mafuta, na kompyuta ilimwambia yuko chini ya kiwango kwa lita 5. Kwa hesabu za mashine asingemaliza.

Na mtu huyu alikuwa na historia na petroli. Mwaka 1985 kule Imola alishinda, gari likakauka baada ya mstari, wakalipima, likapatikana limepungua uzito kwa kilo 2, ushindi ukafutwa. Mwaka 1986 Imola hapo hapo liliishiwa kwenye mita za mwisho, akaliyumbisha kushoto na kulia ili tone la mwisho lifike kwenye injini, akashinda. Julai kule Hockenheim liliishiwa kabisa ndani ya macho ya mstari wa mwisho, akashuka na kulisukuma kwa mikono.

Adelaide alipaswa kuchagua. Akipunguza ili kuiridhisha kompyuta, Piquet anamkamata na ubingwa unakwenda. Akiendelea, anaweza kusimama njiani na ubingwa unakwenda vilevile. Akaamua kwamba kompyuta imekosea, na akaendelea kukanyaga. Aliuvuka mstari sekunde 4 na kidogo mbele ya Piquet, akalisimamisha gari hatua chache tu baada ya mstari, akashuka na kurukaruka. Kompyuta ilikuwa imekosea kweli.

Naona mlingano wa ajabu hapo. Kwa upande mmoja kuna timu yenye gari bora iliyoamini kipimo cha wataalamu na kuacha kusikiliza barabara. Kwa upande mwingine kuna dereva aliyekiangalia kipimo chake mwenyewe na kukikataa, kwa kuwa alijua miguu yake imefanya nini kwa mizunguko 82. Hilo halimfanyi Prost kuwa mtabiri. Bila pancha ya Berger naye asingebadilisha matairi, maana mpango wake ulikuwa uleule wa wengine, na mwenzake Rosberg, ndani ya timu hiyo hiyo ya McLaren, aliachwa barabarani hadi tairi likabanduka. McLaren hawakuusoma ushahidi vizuri kuliko Williams. Walilazimishwa tu, kwa gari moja, na gari lenyewe likawa la mtu aliyejua la kufanya na alichopewa.

Prost akawa dereva wa kwanza kutetea ubingwa wa dunia tangu Jack Brabham alipofanya hivyo mwaka 1960. Williams walichukua ubingwa wa timu kwa pointi 141 dhidi ya 96 za McLaren, jambo linaloonyesha gari lilikuwa la nani. Pirelli waliondoka kwenye mashindano msimu ulipokwisha na Goodyear wakabaki peke yao. Mwaka uliofuata Williams waliendelea na madereva wale wale wawili na ugomvi wao ule ule, Mansell akashinda mbio 6 na Piquet 3, na safari hii aliyechukua ubingwa ni Piquet. Mansell alisubiri hadi 1992, akiwa na umri wa miaka 39, akiwa amerudi kwenye gari la Williams, wakati injini za turbo zilikuwa zimeshapigwa marufuku.